Laini Unayotumia Ina Jina la Nani?

Kuna maswali watu wa Dar wanaulizana wakianza mapenzi. Unakaa wapi, unafanya kazi gani, una mtoto, kwenu ni wapi. Siku hizi mtu anataka hadi namba ya siri ya simu yako siku ya tatu tu tangu mjuane, na ukimnyima ananuna. Lakini sijawahi kusikia hata mmoja akimuuliza mwenzake: hiyo laini yako imesajiliwa kwa jina la nani? Na kwa mambo ninayoyaona huku kwetu Mchikichini, hilo swali lingetakiwa liwe la kwanza kabisa, hata kabla ya kuulizana kabila.

Nitaeleza kwa nini. Majina nayahifadhi kama kawaida yetu, maana wahusika wengine wanapita humu kila siku, na wengine nawadai.

Turudi nyuma kidogo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019. Kabla ya hapo ulikuwa unasajili kwa kitambulisho chochote, cha mpiga kura sawa, leseni sawa, na laini nyingine tulikuwa tunanunua barabarani zikiwa tayari zimesajiliwa kwa jina ambalo hata hulijui. Mimi niliwahi kutumia laini mwaka mzima, wakala akinisomea jina wakati natoa hela anasema "Zawadi?", nasema ndiyo. Zawadi ni nani mpaka leo sijui. Sasa ikaja amri mpya: namba ya NIDA na kidole chako, basi. Mwisho Desemba 31, 2019.

Watu tukalala. Desemba ilipoingia ndipo mji mzima ukakumbuka kwamba hauna NIDA. Foleni za ofisi za NIDA mnazikumbuka, watu wanafika saa kumi usiku na kanga na maji ya kunywa kama wanakwenda mkesha. Rais Magufuli akiwa Chato akasajili laini yake kwa kidole mbele ya kamera, halafu akaongeza siku 20, hadi Januari 20, 2020. Hizo siku 20 ndizo zilizozaa kila kitu ninachotaka kusema leo.

Maana fikiria. Unafanya biashara, wateja wote wako kwenye namba yako, mama yako kijijini anaijua namba hiyo moja tu, hela yako iko mle ndani. Zimebaki siku tatu laini izimwe. Huna namba ya NIDA, fomu umejaza, jibu halijarudi. Unafanyaje? Unamtafuta mwenye NIDA anayekupenda. Kaka, shangazi, mwenye nyumba, na kwa wasichana wengi, mpenzi. "Baby njoo uniwekee kidole." Na baby anakuja mbio, kwa sababu Januari 2020 kumsajilia mtu laini ilikuwa kama kumvisha pete. Nawajua watu wawili waliojibizana mtaani kisa mmoja alisajiliwa laini na mwingine hakusajiliwa.

Mapenzi yaliisha. Laini zikabaki na majina.

Kuna dada mmoja hapa Karume anauza raba za mtumba. Siyo zile za kuokoteza, anachagua, anasafisha kwa mswaki mpaka soli inakuwa nyeupe, anapiga picha vizuri, anaweka stetasi asubuhi na jioni. Ana wateja Mbeya, Tabora, Bukoba, watu ambao hajawahi kuwaona. Mnamjua mkimwona. Soko la Karume lilipoungua usiku wa kuamkia Januari 16, 2022, mzigo wake wote ulikwenda. Belo mbili na meza. Wiki iliyofuata alikuwa amekopa raba kumi kwa mtu, kazipiga picha kwenye ngazi za jirani, kaweka stetasi, na kufika Jumapili zimeisha. Ndipo nilipoelewa kwamba ile meza haikuwa duka lake. Duka lake lilikuwa ile namba. Meza iliungua, namba ikabaki, na yeye akasimama tena.

Sasa hiyo namba ilikuwa na jina la jamaa fulani.

Walikuwa wapenzi ile Januari ya vidole. Waliachana kama watu wanavyoachana, kwa ujumbe mrefu na kufungiana namba. Jamaa akakaa kimya miezi. Siku dada alipoweka picha yuko Bagamoyo na mtu mwingine, mkono wa mwanaume tu unaonekana na saa, haikupita wiki. Jumamosi moja saa nne asubuhi simu yake ikaandika haina mtandao. Akazima, akawasha. Akatoa laini akaipangusa na gauni, akarudisha. Kumbe mwenzake yuko dukani, kaonyesha NIDA yake, kaweka kidole chake, kasema nimepoteza laini naomba nyingine. Akapewa. Na walikuwa na haki ya kumpa, hapo ndipo utamu wa hadithi ulipo, kama ni utamu.

Dada akaenda huko huko dukani akilia. Kijana wa kaunta, ambaye kwa maelezo ya dada alikuwa na adabu sana, akamwangalia kwenye kompyuta akamwambia: "Dada yangu, kwa mujibu wa mfumo, mwenye laini ameshahudumiwa." Mwenye laini! Mtu aliyeitumia miaka, aliyeiwekea vocha kila siku, anaambiwa mwenye laini ameshahudumiwa. Akauliza, na mimi je? Kijana akasema, "Wewe ulikuwa unaitumia."

Tukubali jambo moja hapa, najua wengine mmeshaanza kukunja uso. Watu wakisikia hadithi hii wanasema si ana namba ya siri, hela si ziko salama? Sikiliza. Ukishaishika laini, WhatsApp inakutumia namba za kuingilia kwa ujumbe wa kawaida, unaingia. Insta ukisema umesahau nywila, inatuma kwenye namba hiyo hiyo. Na kuhusu hela, mwenye jina akipiga huduma kwa wateja kusema amesahau namba ya siri, anaulizwa maswali ya kumtambua. Namba ya NIDA? Anayo. Jina kamili? Analo. Tarehe ya kuzaliwa? Ni yake. Majibu yote anayo, kwa sababu maswali yote yanamhusu yeye. Wewe mwenye hela ndiye ambaye ungefeli huo mtihani.

Jamaa hakugusa hela, namtetea kwa hilo. Zilikuwa kidogo pia. Alichofanya ni kuingia WhatsApp, akakaa na wateja wa watu siku nne anawajibu "raba zimeisha". Kila anayeuliza, zimeisha. Halafu akamtumia dada ujumbe kupitia rafiki yake kwamba akitaka laini irudi alete laki nne, gharama za mapenzi. Nimeona huo ujumbe. Ameorodhesha, mpaka chipsi kuku za 2019 zimo.

Dada akaenda kwa mjumbe. Mjumbe akasema hii ni kesi ya mapenzi, wekeni kikao. Akaenda kituoni, akaambiwa laini ni ya nani kwa jina? Akarudi. Laki nne hakutoa, anasema bora aanze upya kuliko kumlipa mtu chipsi alizokula miaka hiyo. Akachukua laini mpya kwa NIDA yake, maana sasa anayo. Tatizo ni kwamba namba za wateja zilikuwa mle kwenye simu na kwenye WhatsApp, na alizoandika kwenye daftari ni za wanaodaiwa tu. Kwa hiyo watu wa kwanza kupokea ujumbe wa "hii ndiyo namba yangu mpya" walikuwa wadaiwa wake, na sijui kama kuna aliyefurahi. Wale wa Bukoba na Tabora waliobaki na "zimeisha" mpaka leo hajui wako wapi.

Sasa upande wa pili, maana nikiishia hapo mtasema nawachukia wanaume.

Kuna kaka mmoja wa bajaji, kijiwe chake ni hapa karibu na Machinga Complex. Mpole, anaswali, hana maneno. Yeye alimsajilia laini binti mmoja, wakaachana, yeye akasahau kabisa kama ana laini ya ziada duniani. Mwaka jana akaanza kupigiwa simu za deni. Binti alikuwa amekopa kwenye ile laini, hii mikopo ya simu ya kubonyeza nyota na reli, akala, akaitupa laini. Mkopo una jina la nani? La kaka wa bajaji. Hilo akalipa akanyamaza. Kilichokuja baadaye ndicho kilichomkondesha. Akaitwa kituoni. Ile laini imeokotwa na watu au imeuzwa, haijulikani, na imetumika kutuma zile meseji zetu maarufu, "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja" fulani. Na jina lililokuja lilikuwa lake kamili, matatu, kama kwenye cheti cha kuzaliwa. Alilala ndani usiku mbili akieleza habari za mapenzi ya 2020 kwa watu ambao hawakuwa na muda wa mapenzi.

Kwa hiyo mtu kama huyo leo akiamka akaenda kufunga laini zote alizowahi kusajilia watu, unamlaumu? Mimi simlaumu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka kila laini isajiliwe, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina mchezo. Kesi ikianza, inaanzia kwenye jina.

Na hapo bado hatujagusa wale waliosajiliwa bila kujua. Mnawajua vijana wa miavuli, wako kila kona kuanzia Msimbazi mpaka Kongo, na wengi ni watu safi wanaotafuta ugali. Lakini kulikuwa na mtindo, na polisi na TCRA wenyewe wameuonya mara nyingi: unaweka kidole, kijana anasema "haijasoma, weka tena." Unaweka tena. Kumbe ya kwanza ilisoma vizuri sana, na ya pili imesoma pia, na ya pili siyo laini yako. Hiyo inauzwa kwa mtu wa "tuma kwenye namba hii". Ndiyo maana hizo meseji hazikuisha pamoja na vidole vyote vile tulivyovitoa. Tuliambiwa usajili utawamaliza matapeli, na nakubali wamepungua wale wa kubahatisha. Wenye akili walihamia tu kwenye majina ya watu kama kaka wa bajaji.

Mtu anaweza kusema haya mambo ni ya uswahilini, watu wenye hela zao hawana shida hizi. Siyo kweli. Kuna msanii mmoja wa kike, nyimbo zake mmezicheza kwenye sherehe zenu, alipotoka kwa meneja wake wa kwanza alitoka na nguo na jina tu. Namba aliyokuwa anapigiwa na mapromota ilikuwa ya meneja. Ukurasa ulifunguliwa kwa namba ya meneja. Chaneli ya video, barua pepe ya meneja. Yaani mashabiki wote wale walikuwa wanampenda yeye kupitia kidole cha mtu mwingine. Alianza na ukurasa mpya wenye wafuasi mia na kitu, na komenti za kwanza zilikuwa "feki huyu". Akiwa anaimba laivu. Anaambiwa yeye feki.

Sasa maoni yangu, maana nimeona mjadala huu unakwenda vibaya kila ukianza. Upande mmoja wanasema serikali ilikosea, usajili wa vidole ufutwe. Upande mwingine wanasema ni ujinga wa watu, mjini shule. Mimi wote siwaelewi. Usajili siyo ubaya. Laini siku hizi ni benki, ni duka, ni kitambulisho, na kitu kikubwa namna hiyo lazima kiwe na mwenyewe anayejulikana. Hata Kenya walipitia haya haya mwaka 2022, tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka Aprili 15 hadi Oktoba 15, foleni zile zile, makelele yale yale. Na kuwaita watu wajinga ni dharau. Yule dada hakuwa mjinga. Alikuwa na siku tatu.

Shida ninayoiona ni kwamba mfumo unajua kitu kimoja tu, jina. Haujui matumizi. Huku kwetu tumezoea kwamba vitu vina majina mawili, jina la karatasi na jina la watu. Kiwanja kina jina la shemeji lakini mtaa mzima unajua nani alikinunua, na siku shemeji akigeuka, wazee wanakaa, mashahidi wanaitwa, mwenye duka la saruji anakuja kusema mifuko alinunua nani. Inaweza kuchukua miaka lakini kuna pa kuanzia. Laini haina shahidi. Ukienda na wateja kumi wenye raba miguuni waseme huyu ndiye tuliyekuwa tunampigia, kaunta haina kiti cha kuwakalisha.

Kwa nini kusiwe na njia? Nawaza tu kwa sauti. Mtumiaji aje na NIDA yake, aseme laini hii naitumia mimi miaka mitatu, ataje namba tano anazopiga mara kwa mara, mwenye jina apewe taarifa na siku kadhaa za kupinga, asipokuja na sababu, umiliki uhame. Najua mtasema matapeli watatumia hiyo njia kuiba laini za watu. Nimelifikiria hilo, linanisumbua, na sina jibu zima. Lakini naona hata kusimamisha tu laini isitumike na yeyote wakati watu wanagombana kungemwokoa yule dada na siku nne za "zimeisha".

Kwa sasa njia iliyopo ni moja: mwenye jina na mtumiaji waende dukani pamoja, wote na NIDA zao, laini ibadilishwe umiliki. Yaani mkaongozane na mtu mliyefungiana namba, mkae foleni moja. Wengi hawawezi. Ndiyo maana nasema fanyeni sasa hivi mkiwa bado mnapendana. Mwambie leo, jioni, akiwa amekula vizuri.

Na wewe uliyewahi kutoa kidole chako, piga *106#. Inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Zoezi la kuhakiki lilipigiwa kelele sana mwanzoni mwa 2023, mwisho ulikuwa Januari 31 ukasogezwa hadi Februari 13, na laini ambazo hazikuhakikiwa zikafungwa. Watu wengi walihakiki ile moja iliyokuwa inawatisha, hawakutazama nyingine. Mimi nilipopiga nilikuta laini moja ambayo siijui. Nikaenda dukani kuikataa. Dada wa kaunta akaniuliza mara mbili, "Una uhakika siyo ya mtu wa nyumbani?" Swali zuri, nikampa heshima yake. Nikapiga simu kwa ndugu watano pale pale. Hakuna mwenye nayo. Ikaondolewa. Ilikuwa inafanya nini kwa jina langu muda wote huo, Mungu ndiye anajua. Meseji za kitapeli ukizipata usiishie kucheka na kuweka stetasi, itume kwenda 15040, ni namba ya kuripoti, na hapo angalau kaka fulani wa bajaji anaweza kugundulika mapema kwamba laini yake imegeuka jambazi.

Halafu WhatsApp weka ile namba ya siri ya tarakimu sita, ipo kwenye mipangilio, dakika moja tu. Mwenzako akiichukua laini atakutana na mlango wa pili. Na namba za wateja ziandike kwenye daftari, zote, siyo za wadaiwa peke yake.

Kitu kilichonifanya nikae niandike haya yote ni mama yangu. Laini ya mama ilikuwa kwa jina langu. Ile Januari, yeye namba ya NIDA alikuwa nayo, mapema kabisa kuliko sisi vijana. Kilichogoma ni vidole. Mama amekaanga samaki na kusugua masufuria miaka zaidi ya ishirini, mkaa, chumvi, jivu, maji ya moto. Kijana akajaribu gumba, akajaribu cha shahada, mashine inakataa. Watu nyuma wanalalamika. Mwisho kijana akasema, bila ubaya wowote, "Mama, kidole chako hakina alama." Mama hakujibu. Alikitazama kidole chake kama vile kimeletwa na mtu mwingine. Nikaweka cha kwangu, tukaondoka, na njia nzima hakuongea mpaka tulipofika Ilala Boma, akasema, "Hivi vidole vimekusomesha wewe, leo havina alama."

Miaka yote hiyo hela yake ya kikoba imekaa kwenye jina langu. Siyo yake tu, akina mama kumi na wanane, yeye ndiye mweka hazina. Mimi sina tamaa nayo, na hata wao hawana wasiwasi na mimi, nimekulia mikononi mwao. Lakini baada ya mambo ya dada wa raba nilianza kuhesabu. Naendesha bodaboda za watu kila siku, barabara ya Uhuru mnaijua. Siku lori likinichukua, hela ya akina mama kumi na wanane inakuwa ya marehemu. Wanatakiwa waanze mirathi ya mtoto wa mwenzao ili wapate hela zao za mboga, na mama akiwa bado ndani ya eda ya moyo. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, "Shindwa na ulegee," halafu baada ya muda, "Kwani na mimi niliwaza hivyo."

Tulikwenda mwezi uliopita, Jumanne, watu wachache. Tulishauriwa tutoe hela kwanza, tukatoa. Alipaka mafuta ya mgando vidole vyote tangu jana yake, kuna mtu alimwambia yanasaidia. Msichana aliyetuhudumia hakuwa na haraka, akampangusa kwa kitambaa, akajaribu kimoja kimoja. Gumba la kulia hapana, la kushoto hapana. Mama ameshaanza kukunja mkoba. Kile kidogo cha mwisho cha mkono wa kushoto kikasoma. Ujumbe ukaja, jina lake lote matatu. Akanipa simu nimsomee ingawa kusoma anajua.

Juzi jirani yetu kaja na binti wa kazi, kutoka mkoani, hana kitambulisho, anataka laini ya kuwapigia kwao. Akamwomba mama amsaidie tu kumwekea kidole, ni dakika tano. Mama akamkaribisha chai, akamwonyesha mikono yake yote miwili.

"Ningekusaidia mwenzangu. Ila mimi vidole vyangu havina alama."